Mdachi wa Handsworth

Mume wangu alipostaafu udereva wa basi alikaa nyumbani siku chache akizungukazunguka jikoni, akifungua makabati na kuyafunga, kisha akaamua kumtafuta babu wa baba yake.

Alichojua kilikuwa kidogo. Kwao walisema yule mzee alikuwa Mholanzi, kwamba alikuwa na bucha Handsworth, mtaa mmoja wa mji wetu huu wa Uingereza, na kwamba alikufa wakati wa vita vya kwanza. Basi. Hapakuwa na picha wala kaburi. Mume wangu alizaliwa hapa Kingstanding, upande mwingine wa mji, katika nyumba hii hii ninayoishi sasa, na tangu utotoni alikuwa amezoea kuambiwa, "Hayo ya zamani yaache."

Akaanza kwenda maktaba kuu ya mjini, kule juu wanakotunza kumbukumbu za zamani. Jioni moja alirudi mbio, koti limelowa, akasimama mlangoni.

"Si Mholanzi! Nimemkuta kwenye sensa. Ni Mjerumani, mtu wa kusini kabisa, na bucha lake lilikuwa la nguruwe."

"Karibu ndani, Mdachi," nikamwambia.

Hakulijua neno hilo. Nikamweleza kwamba mimi nimezaliwa Lushoto, ambako Wajerumani walikaa na kujenga, na bibi yangu kila alipowataja alisema "Mdachi" huku akishusha sauti, kana kwamba wako chumba cha pili. Nikamwambia pia kwamba watu husema maneno shule na hela tumeyapata kwao. Alifurahi kama mtoto. Kesho yake siku nzima alizunguka nyumba akisema "shule, hela, shule, hela." Kisha akauliza bucha la nguruwe tunaliitaje. Nilipomwambia kwamba nyama yenyewe tunaiita kitimoto, kwa kuwa wengine huila bila kutulia kitini wasije wakaonwa, alicheka mpaka akakohoa. Nilidhani ni kicheko tu. Kikohozi kile hakikuondoka.

Aliendelea na utafiti wake akiwa anaumwa. Alijiunga na kikundi cha mtandaoni cha watu wanaotafuta mababu zao Wajerumani waliohamia miji ya Uingereza. Wanasaidiana, mmoja akienda kwenye kumbukumbu za mji wake huwatafutia na wengine. Akaandika swali lake: vita vilipoanza, muuza nyama wa Handsworth anapotea, na mke wake na watoto wanaonekana tena wakiwa na jina la ukoo la Kiingereza. Nani anajua alikwenda wapi? Hakujibiwa. Kila asubuhi aliniomba nimfungulie kompyuta atazame. Majira ya kuchipua hayakumkuta hai.

Watu wa kanisa letu la Kiswahili walikuja, Wakenya na Wakongo na sisi Watanzania wachache. Walipika, waliimba, waliosha vyombo vyangu vyote hata vilivyokuwa safi. Kisha kila mmoja akarudi kwenye shifti zake, na binti yetu akarudi kwake Glasgow. Nilikuwa muuguzi miaka mingi, nimewaona wafiwa wengi wakitoka mlangoni na mfuko wa nguo za marehemu, na nilidhani najua wanakokwenda. Sikujua. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwasha televisheni ili jikoni kuwe na mtu anayezungumza, wala kwamba anaweza kumaliza wiki bila kusikia jina lake.

Ndipo ujumbe ukaingia kwenye barua pepe ya mume wangu. Ulitoka kwa mwanamke wa Sutton Coldfield. Aliandika kwamba bibi yake alikuwa dada wa huyo muuza nyama, na kwamba amechelewa kuliona swali kwa sababu macho yake si mazuri.

Nilikaa na ujumbe huo siku kadhaa. Mwisho nikajibu: mume wangu amefariki, mimi ni mke wake, mengi siyajui ila karatasi zake ninazo. Jibu lilikuja kabla sijaondoka kwenye kiti.

"Pole sana. Njoo tunywe chai, bab."

"Bab" ndivyo watu wa hapa wanavyomwita mtu wanayemchangamkia. Mume wangu aliniita hivyo tangu siku ya kwanza nilipopanda basi lake pale Soho Road na kumuuliza hospitali iko kituo gani.

Nikapanda basi kwenda Sutton. Ni mji wa watu wenye nafasi. Nyumba zimerudi nyuma ya miti na njiani hukutani na mtu. Mwenyeji wangu alikuwa bibi wa zaidi ya miaka themanini, anatembea kwa fimbo, naye ni mjane. Alipofungua mlango alinitazama kidogo. Nadhani alimtarajia mtu mwingine. Kisha akanishika mkono, akaniingiza ndani, na hakuuachia mpaka tulipofika sebuleni.

Bibi yake, akanieleza, aliletwa kutoka Ujerumani akiwa msichana aje amsaidie kaka yake dukani. Baadaye akaolewa na Mwingereza. "Hilo ndilo lililomwokoa," alisema. "Siku ile ile ya ndoa akawa Mwingereza."

"Na mke wa kaka yake? Yule alizaliwa hapa hapa Handsworth."

"Yule ilikuwa kinyume chake."

Sikuelewa mpaka tulipokwenda maktaba pamoja. Mtumishi wa kule, mwanamke mpole mwenye sweta kubwa, alitueleza kwamba sheria ya wakati ule ilimhesabu mwanamke kuwa wa taifa la mumewe. Binti wa Handsworth akiolewa na Mjerumani, amekuwa Mjerumani, hata kama hajawahi kuvuka bahari. Vita vilipoanza alitakiwa kwenda kituo cha polisi kujiandikisha kama mgeni, katika mji aliozaliwa, mbele ya askari ambao pengine alisoma nao.

Nilikumbuka siku niliyoapishwa uraia. Wenzangu walikuja na ukoo mzima. Mimi nilikuja na mtu mmoja, mume wangu, aliyevaa tai, akapiga makofi peke yake mpaka watu wakageuka kumtazama.

Mimi na yule bibi tulianza kwenda maktaba kila wiki. Yeye alishuka treni, mimi basi, tukakutana mlangoni. Kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu, mimi nilisoma na yeye alisikiliza. Tulipitisha magazeti ya zamani kwenye mashine, siku baada ya siku ya vita, mpaka tukalikuta bucha. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kundi la watu lilivunja madirisha jioni, likatoa nyama na soseji nje na kuzikanyaga barabarani. Mwandishi alitaja kwamba mke wa mwenye duka alisimama mlangoni na fagio. Hakusema alilitumia kufanya nini.

Karatasi nyingine zilitupa mengine. Muuza nyama alipelekwa kwenye kambi ya wafungwa wa kiraia, akakaa humo mpaka vita vikaisha, kisha akarudishwa Ujerumani kwa meli pamoja na wengine. Mkewe akabadilisha jina la ukoo, akawaambia watoto kwamba baba yao alikuwa Mholanzi na kwamba amekufa.

"Hapo ndipo karatasi zinapoishia," nikasema.

Yule bibi alikuwa akizungusha fimbo yake. "Ila alirudi," akasema.

"Nani?"

"Yeye. Mama yangu alipokuwa msichana kulikuwa na mjomba aliyekuja kula Jumapili. Alikula kimya, akisema Kiingereza kizito. Walikatazwa kumtaja shuleni. Siku zote nilidhani ni mjomba mwingine, ndugu mwingine wa bibi. Lakini bibi alikuwa na kaka mmoja tu."

Tukaomba vitabu vya mazishi vya makaburi ya manispaa. Ilikuwa kazi ndefu, na vidole vyangu vilikauka kwa vumbi. Tulimpata akiwa na jina lake la Kijerumani, halikuguswa hata herufi. Kazi yake iliandikwa msafishaji wa machinjio. Alizikwa kaburi la umma, pamoja na watu asiowajua. Pembeni palikuwa na anwani ya nyumba alimopanga chumba, na nilipoisoma kwa sauti nilisita, kwa sababu mtaa ule naujua. Nikafungua faili la mume wangu. Mke wa muuza nyama aliishi karibu na hapo mpaka kufa kwake. Ukitoka kwa mmoja unakata kona, unakata nyingine, umefika kwa mwenzake.

"Unadhani walijua?" nikauliza. "Unadhani walipishana njiani wasisemeshane?"

Yule bibi alivua miwani.

"Mama alikuwa akisimulia kitu," akasema. "Mjomba alipougua, mama alitumwa ampelekee mkate. Alikuta mwanamke ameketi kando ya kitanda. Kofia ameivua, ameiweka miguuni pa mgonjwa, na anamnywesha supu kwa kijiko. Mama akamwuliza mwenye nyumba, huyu ni nani? Mwenye nyumba akasema jina halijui, ila mwanamke huyo huja kila siku watoto wake wakiwa kazini, na huondoka kabla hawajarudi nyumbani."

Nilikwenda msalani, nikafungua bomba la maji lisikike, nikalia. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha namna hiyo mwenyewe, na kijiko mkononi. Tofauti ni kwamba mimi sikuhitaji kujificha. Na sasa nilikuwa na jibu ambalo mume wangu aliamka kila asubuhi kulitazamia, na sikuwa na wa kumpa.

Nilimpigia binti yangu. Nilizungumza kwa Kiswahili, naye, kama kawaida yake, akajibu kwa Kiingereza.

"Mama, kwa nini unajichosha hivi? Hao hata si watu wako."

"Ni watu wako wewe," nikasema.

Nilisikia magari ya huko kwake. Kisha akaniuliza yule mzee aliitwa nani hasa. Nikamtajia jina. Akalirudia, akakosea, akalirudia tena mpaka likakaa vizuri mdomoni. Halafu akasema ana mkutano, akakata.

Jumamosi moja tulikwenda makaburini, mimi na yule bibi. Kaburi la umma halina jiwe, ni majani tu, na mfanyakazi wa pale alituonyesha kwa mkono kwamba ni kati ya mti huu na ile njia. Baridi ilikuwa kali. Yule bibi alimsalimu kwa maneno machache ya Kijerumani aliyokumbuka kwa bibi yake. Nami nikamsalimu kwa Kiswahili, shikamoo, kwa sababu ni mkwe wangu mkubwa na sikuona namna nyingine ya kumsalimu.

Niliandika yote kwenye kikundi cha mtandaoni, chini ya swali la mume wangu. Watu kadhaa walishukuru. Mmoja aliomba nimtafutie babu yake, na ninamtafutia.

Mwenzangu hakukaa sana. Macho yalimzidi, na mwanawe akamchukua akaishi naye pwani, mbali. Nyumba ya Sutton ikauzwa. Mwanzoni alinipigia kila Jumapili. Siku hizi kumbukumbu yake inamponyoka, na mara ya mwisho aliniuliza kwa furaha kabisa, "Na mumeo, bab, utafiti wake umefika wapi?"

Nilitazama dirishani. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Amempata," nikasema.

"Safi sana. Mwambie aje siku moja tunywe chai."

Nikamwambia nitamfikishia. Tulipoagana nilitoka uani kuanua nguo, shuka moja na taulo moja, kabla hazijalowa.