Vidole Viwili vya Sponji

Asubuhi hiyo nilikuwa nimetumwa mayai matatu. Mama ameshabandika kikaango, kaniambia nikimbie. Nikafika kwa Dada Trei nikakuta mlango umezibwa. Baiskeli imesimama katikati na mwenyewe amelala chali chini yake, anavuta mpira wa kufungia mzigo.

"Usiniruke!" anapiga kelele. "Hata haka kaurefu nilikonako utakarudisha."

Nikazunguka.

Juu ya keria kuna trei kumi na mbili za mayai, zimefungwa kwa mpira mweusi uliokatwa kwenye tyubu za magari. Ndiyo kazi yake, na ndiko jina lake lilikotoka. Kila siku anayafuata mayai kwa mfugaji wa kuku nje ya mji, anayasambaza madukani, anarudi na trei tupu. Ana miaka thelathini na mmoja. Mimi nipo kidato cha pili, na tukisimama pamoja mabega yetu yanalingana.

Kwa kila trei anayouza anabaki na bei ya mayai mawili. "Likipasuka moja, nimefanya kazi kwa nusu," anasema. "Yakipasuka mawili, nimefanya mazoezi."

Anacheka. Halafu ananiona naangalia ukutani, kwenye msumari uliotundikwa kofia ngumu nyekundu ya pikipiki. Imeshika vumbi. Anaacha kucheka.

Pikipiki haipo hapa. Ipo mjini, kadi ina jina lake, na karibu kila siku anakutana nayo njiani.

"Kaka yangu akinipita kwenye kilima ananipigia honi," anasema. "Mimi nimeshuka, nasukuma baiskeli. Yeye amekaa juu ya pesa yangu. Pii pii! Eti ananisalimia."

Aliweka akiba miaka minne. Kulikuwa na mama mmoja mwenye tanuri la mikate, upande wa pili wa mji, aliyemwambia atachukua kwake trei arobaini kila siku, mradi zifike kabla hakujapambazuka. Trei arobaini hazipandi baiskeli. Na Dada Trei ana mtoto wa kike wa miaka saba anayeishi kwa bibi yake, maana kwa trei kumi na mbili hawezi kumtunza.

"Nilimwambia, mama akilipata tanuri, unakuja kukaa na mimi. Sasa kila nikienda ananiuliza, mama, tanuri bado?"

Siku ya kwenda kununua pikipiki, alikuwa na yake moyoni. Ndogo, siti iko chini, haina tangi mbele, unapitisha mguu katikati kama unaingia mlangoni. Alishaiona kwa fundi bomba wa mtaani akaipenda. Lakini hakutaka kwenda peke yake, aliogopa kudanganywa bei. Akamchukua kaka yake. Kaka mtu ni mrefu, miguu yake inaanza mapema.

Na jambo lingine alifanya, ambalo mpaka leo akilikumbuka anajipiga kofi la paja. Alivaa viatu vya mchuchumio.

"Ningeendaje na gambuti za mayai? Wale wauza pikipiki wakikuona mfupi, na umevaa gambuti, watakwambia baiskeli za watoto ziko duka la pili. Nikatoa viatu vyangu vya harusini. Nikapaka na mafuta."

Dukani, aliielekea ile ndogo moja kwa moja. Kaka yake akamshika mkono.

"Hiyo ya kwendea saluni," akasema. "Wewe unabeba mzigo. Chukua mnyama huyu."

Mnyama mwenyewe alikuwa mrefu, keria pana, siti imenyanyuka nyuma kama jogoo. Muuzaji naye akamuunga mkono, maana bei yake ilikuwa kubwa zaidi. "Panda, mama. Kanyaga chini. Si unafika!"

Kweli, alifika. Ncha za viatu ziligusa sakafu, na sakafu ya duka ilikuwa vigae vitupu, haina jiwe wala mtelemko. Wote watatu wakafurahi. Wakalipa.

Nyumbani akavua mchuchumio, akavaa gambuti, akatoka kuwaonyesha majirani. Nakumbuka, nilikuwepo. Alipanda kwa kupitia ngazi ya mlango, akakaa, na miguu yake yote miwili ikabaki inaning'inia hewani. Halafu mwenye genge akasema, "Ukiwa huko juu, sisi tutajuaje kuna mtu?" Mtaa mzima ukalipuka. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka.

Alirudi dukani kesho yake. Muuzaji akamwambia iliyoingia barabarani hairudi, ila kama anataka anaweza kuendelea kuvaa vile viatu, vilimpendeza.

Alijaribu na hilo. Kisigino kikanasa kwenye pedeli ya gia. Akampelekea fundi viatu gambuti zake abandike soli ya tairi, nene kama tofali. Akafika chini, lakini mguu haukusikia tena gia wala breki. Akazing'oa.

Basi akajifunza hivyo hivyo. Na alijifunza. Kaka yake alimfundisha kwenye uwanja wa mpira wiki tatu, na watu wote wa mtaa wanakubali kwamba Dada Trei akiwa kwenye mwendo, huwezi kumtofautisha na aliyezaliwa juu ya pikipiki.

"Kila mtu anaogopa mwendo," anasema. "Mimi mwendo siuogopi. Naogopa kusimama."

Kwa hiyo alikuwa anajua kila ukingo wa barabara hapa mjini. Alisimama mahali penye tofali, kizingiti, jiwe, kitu chochote cha kupandisha mguu. Kama hakuna, anazunguka mpaka apate. Ukiwa na shida naye, anakusalimia anapita, halafu anarudi kukusalimia tena.

Asubuhi ya kwanza ya tanuri alibeba trei zote arobaini. Jana yake alikuwa ameenda kukagua, akaona pembeni ya geti kuna jiwe kubwa, la kumfaa. Akalihesabu kama rafiki. Alipofika alfajiri, jiwe halipo. Gari la unga lilikuja usiku, wakalisogeza jiwe ili gari lipite. Geti limefungwa. Akashika breki, akashusha mguu wa kulia kwenye mtaro, ardhi akaikosa.

Ana kovu la ekzosi kwenye shavu la mguu, refu kama kijiko. Anakunja suruali ananionyesha. Lina rangi ya waridi na linang'aa.

"Nilikuwa chini yake, naungua, na nasikia mayai yanavyoshuka. Hayavunjiki kwa kelele, unajua? Yanatoa sauti kama mtu anakula."

Wafanyakazi walimtoa. Mwenye tanuri akatoka na mikono yenye unga, akaangalia njano inayotiririka mtaroni. "Mwanangu," akasema, "mayai huwa nayapasua mwenyewe."

Oda ikaenda kwa mtu mwenye gari.

Kaka yake alikuja kumuona mguu ukiwa na bandeji. Akasema pikipiki isikae bure, injini itaharibika. Ataizungusha, abebe abiria, amletee chochote, mpaka mguu upone. Wiki za kwanza alileta. Baadaye mafuta yakapanda. Baadaye tairi. Mguu ulipona zamani, sasa ni mwezi wa saba.

"Watu wananiambia mvumilivu hula mbivu," anasema Dada Trei. "Mbivu naziona kila siku. Zinanipigia honi."

Nilipomaliza kulipa mayai yangu aliniuliza kama nina shughuli. Leo, akasema, ndiyo siku. Yule mtu mwenye gari amehama mji, na mwenye tanuri amemwita tena. Kamwambia: "Jumatatu nakuangalia. Ukifika ukasimama kwa miguu yako, karibu. Ukianguka tena, usiniletee hata salamu." Na Dada Trei amempata fundi wa siti za pikipiki aliyemwambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia: siti inaweza kupunguzwa.

Nikapeleka mayai, nikagombezwa, nikamfuata.

Stendi tulimkuta kaka yake amekaa juu ya pikipiki, miguu yote miwili imetulia chini, anakula muwa.

"Kaka, shikamoo. Hujasahau leo?"

"Nitasahauje? Saa sita nipo kwa fundi. We tangulia."

"Saa sita kweli?"

"Ee jamani! Mimi si damu yako?" Akanigeukia. "Na wewe binti, ndo mlinzi wake?"

Nilitaka kumuuliza maswali mawili niliyokuwa nimeyaandaa njiani, nikaangalia viatu vyangu.

"Ila sikia, Trei," akasema. "Hiyo siti ukiikata, mimi magoti yatafika kidevuni. Na abiria wangu watakaa wapi?"

"Abiria wako?"

"Namaanisha, wa pikipiki."

Dada Trei akageuza baiskeli, akaisukuma kuelekea kwa fundi.

Fundi wa siti ana kibanda cha mabati, cherehani moja, na marundo ya sponji. Ni mzee mcheshi anayeongea na sindano mdomoni. Alimpima Dada Trei kwa macho, kutoka kiunoni mpaka kwenye gambuti.

"Vidole viwili," akasema. "Natoa vidole viwili vya sponji, na huku pembeni naikondesha kidogo ili paja lishuke. Springi za nyuma nazilegeza. Jioni unaondoka nayo, umekanyaga."

"Basi tu?"

"Ulitaka nikuongeze miguu?"

Akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa na daftari, niandike kwamba anayeanza, hasa mfupi, akienda kununua avae viatu vya kazi. Asikae tu. Aisukume, airudishe nyuma, ailaze chini ajaribu kuinyanyua. "Na wa kumsindikiza," akasema, "achukue mfupi mwenzake."

Dada Trei alikuwa ameshakaa kwenye ndoo, anaangalia barabara. Nilimuona anahesabu vidole vyake viwili, anavibana pamoja, anaviachia. Miezi saba, na mtaro, na kovu la mguu, na mtoto kwa bibi yake, vyote vilikuwa unene huo.

Saa sita ikafika. Kila pikipiki iliyopita alisimama. Fundi alimaliza siti ya mtu mwingine, akaanza nyingine. Dada Trei akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita.

"Labda ana abiria wa mbali," nikasema.

"Labda."

Kivuli cha kibanda kilipovuka barabara, fundi alianza kuingiza sponji ndani. Alifanya polepole, kwa heshima.

"Mama, kesho Jumapili sifungui," akasema mwishowe. "Lakini leo nakaa mpaka giza. Akija, nakata."

Dada Trei akanipa simu yake.

"Niandikie wewe, mwanafunzi. Mimi nikiandika nitatukana."

Nikaandika alivyonitajia: *Kaka, fundi bado yupo, anakusubiri mpaka giza. Lete pikipiki akate siti. Ni vidole viwili tu. Jumatatu naenda tanurini.*

"Umeweka tafadhali?"

"Nimeweka, mwishoni."

"Itoe. Pikipiki ni yangu."

Nikaitoa. Akaangalia barabara. Muuza maji akapita, na watoto wawili na tairi.

"Irudishe," akasema.

Nikairudisha, nikatuma. Alama mbili zikatokea, zikakaa, zikageuka bluu. Tulisubiri wote watatu, fundi na sindano yake mdomoni, simu ikiwa mkononi mwangu, mpaka kioo chake kikazimika chenyewe.