Nilivyorudi kwenye Fluti kwa Kufuata Honi ya Treni

Daktari aliponiruhusu kupuliza tena, fluti ilikuwa imelala juu ya kabati karibu mwaka mzima, na mimi nilikuwa nimelala chini yake. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umempata mtu ambaye hata akiwa mzima hapendi kutoka nyumbani. Fluti yenyewe ilikuwa mali ya fanfari ya parokia, bendi yetu ya vyombo vya kupuliza. Shefu, kiongozi wa fanfari, alikuja kunipa habari mlangoni, hata kiti hakukitaka.

"Mwisho wa mwezi, siku ya Mungu, kisha misa, tutakusikia. Kama sauti haiko, fluti itaenda kwa mushonaji, ule anataka kujifunza."

Wenzangu wa kambi ya reli walikuwa na mpira, pombe na ndugu wengi. Mimi nilikuwa na fluti. Bila hiyo nilikuwa karani wa depo ya treni mwenye kikohozi.

Nikaanza kama mtu asiyewahi kuishika. Kwanza kulegeza midomo, brrr, kama punda. Halafu kichwa cha fluti peke yake, kiganja kimeziba upande wa pili, kutafuta sauti moja tu. Ilitoka hewa. Mke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Baba, chai iko moto sana?"

"Ni mazoezi."

"Aa. Minyi niliwaza unapoza chai."

Taabu ilikuwa sauti ndefu. Katika fanfari yetu hakuna aliyeishika peke yake: mmoja anaivuta, mwingine anaingia ndani yake. Nyumbani ningeingia ndani ya nani? Kambini kitu pekee kilichoweza kushika sauti bila kuchoka ni honi ya lokomotivi ya kupanga mabehewa, na mashinisti, dereva wake, tulipakana ukuta. Nikamwomba.

"Nivute honi kwa ajili yako?"

"Kila magaribi, ukiingia depo. Vuta murefu."

"Basi. Shefu ya gare, mukubwa wa stesheni, akiniuliza, nitasema mbuzi ilikuwa mu njia."

Alivuta kweli. Mimi dirishani nikaingia na sauti yangu. Jioni za kwanza pumzi ilikatika na mbavu zikaniuma hadi nikashika ukuta. Mke wangu akaacha kunitania, jambo lililonitisha kuliko maumivu. Lakini polepole nikafika nayo mwisho, sauti yangu na ya honi zikawa moja. Nikatokwa na machozi. Nilisema ni kikohozi.

Jumapili, siku ya Mungu, ikafika. Tulikuwa darasani nyuma ya kanisa. Mpiga klarineti akatoa sauti, nikaingia. Shefu akainua mkono.

"Vuta kichwa ya fluti kidogo, sauti ishuke."

Nikavuta. Tukarudia. Sauti yangu iliikuta ya klarineti, ikaiacha, ikapanda, ikashuka tena kuitafuta. Nilibana midomo, nikailegeza, sauti haikunisikia. Watu wakatazama sakafu.

"Ku nyumba nani alikuwa anakupatia sauti?"

Nikamwambia. Wapiga tarumbeta walicheka hadi wakaweka vyombo chini. Shefu hakucheka.

"Ndugu yangu, honi iko ya mvuke. Mvuke ikiwa na nguvu inapanda, ikipungua inashuka. Weye uliifuata njia yote."

Nami nilishinda depo kila siku, mvuke ule ukipuliza karatasi zangu mezani.

"Nipatie mwezi moja, shefu."

"Musafara ya sikukuu iko karibu. Na mushonaji amesha kuja."

Kweli alikuwa amekaa karibu na mlango, magoti pamoja, mtu mpole. Nilitamani awe mwovu. Akaniuliza kwa heshima:

"Kaka, tunaanzaka na nini, asubuhi?"

"Na midomo," nikasema. "Kama punda."

Akajaribu palepale. Ikamtoka vizuri kuliko yangu.

Nikaitenganisha fluti vipande, nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikaanza kuikausha ndani. Shefu alisimama mbele yangu, mkono umenyooka.

"Inatosha. Imesha kukauka."

"Bado kidogo," nikasema, nikaendelea kufuta.