Kingereza cha Kutia Samaki Chumvi

Enzi zetu pale Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, mutoto hakujifunza Kingereza akiwa amelala. Wajukuu wangu wa hapa mujini, Majengo, hawaniamini, lakini ninyi wenzangu muliokulia pembeni ya ziwa, katikati ya viboko wa majini na wale ndege marabu waliongoja tugeuze uso waibe samaki, munajua ninasema nini.

Kifaransa kilikuwa cha klasi. Kingereza kilikuwa cha wanunuzi waliotoka Uganda. Katekista wetu, Muzee Paluku, alikuwa ameishi kule, na kila mangaribi alitufundisha mbele ya nyumba yake, bila kitabu. Kingereza kinatenganisha jambo la kila siku na la sasa hivi, na sheria yake ilikuwa moja tu. Jambo la kila siku, unalisema ukiwa umekaa. Jambo la sasa hivi, unalisema huku unalifanya. Ukisema unachota maji kila siku, endelea kupumzika. Ukisema unachota sasa, bidoni ya maji ni ile pale, ziwa ni lile pale.

"Unasema unafagia," alikuwa akituuliza. "Ufagio uko wapi?"

Vijana wakageuka wote watu wa kila siku. Kila siku walipasua kuni, kila siku walilima, na hakuna aliyeinuka kwenye mukeka. Sisi wasichana tulifagia. Kiwanja cha Muzee Paluku kilikuwa safi kuliko kanisa.

Mama yangu aliuza makayabo, samaki wa chumvi, na alitaka mikono yangu kwenye chumvi, si kwenye Kingereza. Akaniambia siku mununuzi wa Uganda atafika, kama Kingereza changu hakitauza hata samaki moja, nitakiacha. Mimi nilikipenda kuliko bugali ya moto. Hata kula nikashindwa.

Mununuzi akafika, mwanaume wa tumbo na kofia. Akauliza kwa Kingereza ni nani anatia hawa samaki chumvi, na kwa namna gani, sababu amechoka kuuziwa samaki waliooza ndani. Ningeweza kujibu nikiwa nimekaa. Lakini woga ulinitoa mudomoni Kingereza cha sasa hivi: "I am salting the fish," ndiyo kusema, ninatia samaki chumvi sasa hivi.

Basi, sheria ni sheria. Nikakamata kisu. Nikasema ninapasua, nikapasua. Nikasema ninaosha, nikaosha. Chumvi nikaijaza mpaka ndani ya mashavu ya samaki. Yule mwanaume akavua kofia, akatazama mpaka mwisho, kisha akanunua wote, hata wale wa mboga yetu.

Mangaribi nikanawa miguu, nikavaa kitenge kisafi. Mama akanitazama.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Muzee Paluku, mama."

"Kufanya nini tena? Kingereza umekwisha kukijua. Kaa hapa, wanunuzi wanarudi kesho."

Masomo yangu yaliishia pale.

Leo mujukuu wangu Furaha anajifunza Kingereza ndani ya telefone. Amelala kitandani, kichwa kwenye muto, anaiambia telefone kwamba anakimbia. Telefone inamupa nyota. Sijaona mutu anakimbia namna ile. Lakini juzi alifaulu mutihani, na baba yake akamutafutia mwalimu mwingine, wa juu zaidi. Sisi, ukijua, walikutoa masomoni. Hawa, wakijua, wanaongezewa.

Nilimupelekea chai ya maziwa palepale kitandani, akiwa bado anakimbia.