Mashine Mbili, Namba Moja

Ngumi ya kwanza ilimpata shemeji wa ndevu sikioni. Ya pili ilinipata mimi, ingawa ugomvi haukuwa wangu. Nilianguka juu ya lundo la pumba, bisibisi mkononi, miwani imehamia kidevuni, na kosa langu lilikuwa sentensi moja tu: "Hii itakuwa namba moja, ile namba mbili."

Baba mkwe wangu aliacha banda la kukobolea mpunga hapa Kibaoni, pamoja na watoto wawili wa kiume wa mama tofauti wa kuliendesha. Mmoja anafuga ndevu, mwingine havui kofia hata kanisani. Wa ndevu alizaliwa kwanza, lakini kwa mke mdogo. Wa kofia alizaliwa baadaye, lakini kwa mke mkubwa, ambaye alichelewa kupata mimba mpaka mzee akaoa tena. Nani mkubwa kati yao? Swali hilo limevunja viti na meno katika familia ile. Wa ndevu anashikilia miaka yake. Wa kofia anashikilia nyumba ya mama yake, na sikuwahi kumsikia akimwambia mwenzake shikamoo. Mimi nimemwoa dada ya huyu wa kofia, wa tumbo moja, kwa hiyo ninalolisema lolote wa ndevu huwa ameshalikataa kabla sijafika mwisho.

Msimu ule walikuwa wameleta mota mpya, kila mtu ya kwake. Fundi kutoka Morogoro alifunga paneli yenye vitufe vya namba na kioo kidogo cha kusomea, akavuta waya mmoja wa mawasiliano unaopita kwenye mashine zote mbili, kisha akaondoka kabla ya kumaliza. Nadhani alikuwa amewasikia wakisalimiana. Kilichobaki kilikuwa kuziandikisha mashine. Amri ikitoka kwenye paneli hupita kwenye ule waya na kufika kwa zote mbili, lakini kila mashine hutii namba yake na kuipuuza ya mwenzake. Kiwandani zote hutoka zikiwa namba moja. Ni lazima mtu aende kwenye kisanduku cha kila mota, abonyeze, aipe namba ambayo nyingine haina. Niliyasoma mambo haya chuo kikuu, kabla sijawa mwandishi wa makala ambazo mama wa jirani hufungia vitumbua. Nikaitwa.

"Nani namba mbili?" wa ndevu alikuwa ameuliza. "Mimi? Huyu nimembeba mgongoni akanikojolea, leo niwe nyuma yake?"

"Mtoto wa nyumba ndogo," alijibu wa kofia, "ulitaka uwe wa ngapi?" Ndipo ngumi zilipoanza.

Nikiwa pale kwenye pumba nilimwona wa ndevu akinyakua chepe. Alilizungusha, likamkosa mwenzake likatoboa bati la ukuta. Wa kofia akamwingilia chini ya mkono na kumpiga kichwa cha pua. Damu ikaruka kwenye mpunga uliokuwa umefunguliwa ukingoja kukobolewa.

"Jamani, mpunga wangu!" alipiga kelele mama mmoja mnene aliyetoka Michenga na magunia yake. "Nimelima mwenyewe, nimefukuza ndege mwenyewe, halafu nikale damu yenu?"

Wa ndevu hakumsikia. Alikuwa ameshafika mlangoni, ambapo panga la kukatia kamba za magunia huning'inizwa, na sasa alikuwa amelishika. Yule mama alimkamata kiganja, akakikunja mpaka panga likadondoka, akalikanyaga.

"Hili ni la kamba. Ukitaka kuua, kaue kwenu. Mimi nimekuja kukoboa." Kisha akanigeukia. "Na wewe msomi, inuka huko kwenye pumba, useme kitu."

Niliinuka, nikasema. Niliwahutubia kwamba namba si cheo, kwamba waya haujui nyumba kubwa wala ndogo, kwamba ningeweza hata kuwapa tano na nane.

"Kubwa ni ipi hapo?" aliuliza wa kofia, akihema.

"Nane."

"Nipe nane."

Nikamsogelea wa ndevu, nikamnong'oneza kwamba kwenye kuhesabu tano inatangulia. Aliifuta pua, akatikisa kichwa kwa ridhaa. Nikaziandikisha. Nilirudi nyumbani na jicho lililovimba, nikijiona balozi.

Amani ile ilivunjwa na wateja. Hapa kwetu mtu akifika mashineni na gunia lake huuliza, "Namba moja ni ipi?" kwa sababu anaamini ya kwanza haivunji mchele. Wa kofia alichoka kujibu kwamba hakuna namba moja. Alikuwa ameniangalia nilivyobonyeza, basi akaenda kwenye kisanduku chake akafuta nane, akaweka moja. Wateja wakahamia kwake. Wa ndevu aliona, akanuna, akangoja.

Siku aliyoacha kungoja nilikuwepo, nimepeleka gunia langu. Mkanda wa mashine ya wa kofia ulikuwa umenasa kipande cha kamba. Swichi kuu ipo ukutani, lakini ilikuwa inazima mashine zote mbili kwa pamoja, na katika banda lile kumzimia mwenzako mashine lilikuwa kosa la kupigwa. Kwa hiyo aliyetaka kuingiza mkono alikuwa akizima ya kwake kwa kitufe cha paneli tu. Wa kofia alizima, akainama, akaingiza mkono wa kulia kati ya mkanda na puli.

Nyuma yake, wa ndevu alikuwa ameinama kwenye kisanduku chake mwenyewe. Alifuta tano, akaweka moja. Aliamini namba ni kama kiti, kwamba ukishakikalia, aliyekuwa amekikalia hayupo tena. Kisha akaenda kwenye paneli akitabasamu, akasema kwa sauti ili wote tusikie, "Leo mtajua moja ni nani," akabonyeza moja, akawasha.

Mashine zote mbili zilitii.

Sauti ya wa kofia sitaieleza. Mkanda ulimvuta mpaka bega likagonga chuma. Wa ndevu alikodolea macho kile kioo, ambacho kilikuwa kimeandika kwamba namba moja haijibu. Zilikuwa zinajibu mbili kwa wakati mmoja, na paneli haikuelewa hata moja. Nilikimbilia ukutani nikaivuta swichi kuu. Mota zikakata, lakini gurudumu zito la mashine lina kasi yake, liliendelea kuzunguka na kumla.

Wa ndevu akanyakua panga mlangoni. Nilidhani anaenda kummaliza. Alilishusha juu ya mkanda, mara moja, na tena, akitukana kila kitu kuanzia mota mpaka kaburi la baba yao. Mkanda ulipokatika ulirudi na kumchapa usoni, ukampasua shavu kutoka jicho mpaka ndevu. Hakugeuka. Alimvuta ndugu yake kutoka kwenye chuma kama anavyovuta gunia.

Kwenye bajaji kuelekea hospitali nilikaa mbele na dereva. Nyuma wa ndevu alikuwa ameubana mkono wa mwenzake kwa mikono yake yote miwili ili damu isitoke, na damu ya shavu lake ilimdondokea wa kofia kifuani.

"Shikamoo, kaka," alisema wa kofia, meno yamebanana.

"Nyamaza, mbwa wewe."

"Si ndicho ulichokuwa unataka?"

"Nimesema nyamaza!" Akaubana zaidi, mpaka mwenzake akapiga yowe.

Vidole viwili havikurudi. Vilivyobaki vinakunjika kidogo. Alipotoka hospitali niliitwa tena na bisibisi yangu. Kwanza tulifunga swichi pembeni ya kila mashine. Kisha nikauliza namba.

"Mpe yeye moja," alisema wa ndevu.

"Siitaki. Uliitafuta wewe, kaa nayo."

"Mkubwa anakwambia chukua!"

Wa kofia akamzaba kofi kwa mkono wake mzima, palepale kwenye kovu bichi. Wa ndevu akalikamata koo lake. Niliwaacha wakibiringika kwenye pumba, nikarudisha tano na nane. Nilipogeuka, wa ndevu alikuwa amejinasua na kuchukua nyundo. Nilijikinga kichwa. Alinipita, akakipiga kitufe cha moja kwenye paneli mpaka kikaingia ndani, na pale pamebaki tundu.

Hawajapatana. Wateja bado wanauliza namba moja ni ipi, na wanajibiwa kwa matusi. Lakini mmoja wao akitaka kuingiza mkono kwenye mashine huzima swichi yake, kisha humfokea mwenzake, na mwenzake huacha kila kitu, akatoka mpaka uani penye jua na kusimama huko, mikono yote miwili juu ya kichwa, ili ionekane. Matusi hayakatiki. Na mikono haishuki mpaka aitwe.