Ripoti ya Mbung'o Niliyokataa Kuisaini

Siku yangu ya kwanza kazini Karatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipewa wavu, kopo na kitambaa cheusi cha kuvaa mgongoni. Nilidhani wananitania. Msimamizi wa Washika Mbung'o, Mmbulu mwenzangu asiyependa maneno mengi, akanieleza: "Mbung'o anafuata kitu cheusi kinachotembea. Leo nyati ni wewe."

Basi nikawa nyati kwa miaka kumi. Nilijifunza kwamba mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hafanani na mbu: dume na jike wote wanakunywa damu, na chakula kingine hawana. Jike hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja, naye hujichimbia kwenye udongo wa kivulini. Mbung'o akibeba vimelea, humwachia mtu ugonjwa wa malale, na ng'ombe humwachia nagana. Tena kukiwa na baridi haruki, hutulia chini ya matawi akingoja joto.

Hilo la baridi ndilo lililonikosanisha na Afisa wa Mbung'o. Wakati huo msimamizi nilikuwa mimi. Tulikwenda Arash, ambako wafugaji walisubiri kuambiwa kama bonde moja ni salama kwa malisho. Afisa alitutembeza asubuhi na mapema, umande haujakauka, kwa sababu alitaka chakula cha mchana akale Karatu. Hatukushika hata mmoja. Akaandika kwamba hakuna mbung'o, akanipa kalamu nisaini.

"Bwana Afisa, wametulia tu. Tungoje saa sita."

"Hayo umeyasomea wapi?"

"Mgongoni kwangu."

Akawasha gari, akaniacha pale pale. Mzee Koinet, mwenye ng'ombe wengi kuliko wenzake, akanishika mkono. "Mimi hapana jua karatasi. Ng'ombe yangu iende ama isiende?"

Jua lilipofika utosini tukaingia bondeni wawili, mimi na kitambaa changu. Waliniuma mpaka shingo ikavimba, na kopo likajaa. Nikamwambia isiende, awaambie na wenzake.

Kopo lile nililitua juu ya meza ya Afisa. Wiki iliyofuata nikahamishiwa Buger kulinda stoo ya nyavu, na huko huko nikastaafia. Vijana huniuliza kama najuta. Sijuti, ila hasira ninayo mpaka leo na siifichi. Ripoti ilipita bila saini yangu. Bondeni hakuingia ng'ombe hata mmoja.