Redio Iliyonyamaza Baba Dogo

Mwanangu, umeniambia kwamba wewe na wenzako mnaunda setilaiti ndogo pale chuoni, na kwamba mambo ya masafa, yaani nafasi yenu hewani, mtayashughulikia mkishamaliza. Basi keti kidogo. Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, nikiwa fundi wa redio katika zahanati ya kanisa kule mtaa wa Baba Dogo.

Tulikuwa tumeletewa redio ya kuwasiliana na setilaiti ndogo iliyokuwa ikipita juu ya Nairobi mara chache kwa siku. Ukiiwahi, unaipa ujumbe, nayo inaubeba hadi kwa madaktari wa ng'ambo, kisha inarudi na jibu. Simu za wakati huo, mwanangu, tuziache tu. Antena niliifunga mwenyewe juu ya paa, watu wa mtaa wakasimama kutazama. Ruhusa ya masafa tuliiomba mwisho, kila kitu kikiwa tayari. Afisa wa masafa, Mzee Wekesa, akaniambia kwamba masafa tuliyoyataka yanatumiwa na ndege za kubeba wagonjwa. Nisiguse swichi mpaka atutafutie mengine.

Asubuhi hiyo akaletwa Musyoka, kibarua wa kiwanda cha jirani. Dawa ya kusafishia vyuma ilikuwa imemrukia machoni. Mkewe, Ndinda, alikuwa amemshika mkono. Daktari Nekesa aliyaosha yale macho kwa maji muda mrefu, lakini dawa yenyewe hakuijua, na kule kiwandani hakuna aliyetaka kuitaja. Akanigeukia.

"Setilaiti inapita saa ngapi?"

"Iko karibu, daktari."

"Basi washa hiyo kitu tuwaulize."

Nikamkumbusha habari ya ndege. Akasema, "Mgonjwa wangu huyu hapa. Huyo wa kwenye ndege humwoni."

"Ndiyo maana naogopa," nikamjibu. "Rubani akikosa kusikika, sitajua hata niliyemuumiza."

Swichi sikuigusa. Setilaiti ikapita, ikaenda zake. Musyoka tukampeleka hospitali kubwa kwa gari la padri. Alipona vidonda, lakini hakuona tena. Kama jibu lingeyaokoa macho yake, mpaka leo sijui. Daktari Nekesa naye hakujua.

Baadaye Ndinda alirudi zahanati, akasimama uani akitazama antena. "Hiyo mashine yenu ni ya kazi gani?" aliniuliza.

Nikamwomba twende pamoja kwa Mzee Wekesa, naye akakubali.

Ndinda alisimulia yote akiwa amesimama, kiti alikikataa. Mzee akavua miwani, akanitazama mimi. "Mlinunua mitambo, mkapanda juu ya paa, ndipo mkanikumbuka. Mngekuja mkiwa bado mnapanga, siku ile mngeweza kuwauliza madaktari wenu."

"Na wewe, mzee," Ndinda akasema taratibu, "ulijua ni ya wagonjwa. Si ungeharakisha kidogo?"

Mzee akainamisha kichwa. "Ni kweli, mama. Nisamehe."

Tangu hapo alituhangaikia kama ndugu. Aliwaandikia wenye setilaiti, akawasihi, mpaka wakakubali kutusikiliza kwenye masafa mengine yasiyomsumbua mtu. Ujumbe wetu wa kwanza ulihusu mama mjamzito wa Njiru aliyekuwa amevimba miguu na uso. Jibu likaja, daktari akalifuata, na yule mama akajifungua salama. Nililia siku hiyo, kwa furaha na kwa ajili ya Musyoka pia.

Sasa nisikilize, mwanangu. Hicho chombo chenu kitapita juu ya watu msiowajua, nao wana kazi zao hewani. Ombeni masafa leo, kabla hamjaunganisha hata waya mmoja zaidi. Fuatilieni bila kuchoka. Mkiambiwa subirini, subirini kweli, msiibe nafasi ya mtu. Ila mwambieni huyo anayewasubirisha ni nani anayengoja. Na siku ukikalia wewe kiti cha afisa, usimweke mwenye shida mlangoni kwa sababu tu amechelewa kubisha.

Nenda na baraka zangu. Mungu aitulize mikono yenu kazini, na kila neno mtakalolituma huko juu limfikie anayelihitaji.