Mutachoka na Kamba ya Nguo ya Mama

Enzi zetu mbwa hakutafutiwa mchezo. Alizaliwa, akapewa jina la kumuudhi jirani, mengine akajitafutia mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu mjukuu wangu Gracia, mwenye miaka kumi na tisa na mbwa mmoja anayeitwa Rex, amemaliza wiki mbili kwenye simu akitafuta Rex afanye sport gani. Mbwa ni kijana, ana nguvu, amenitafunia viatu vya kanisa vyote viwili. Zamani dawa ya mbwa wa namna hiyo ilijulikana. Sasa hapana, sasa anachaguliwa. Kuna ile ya kuruka vijiti na kupita ndani ya bomba. Kuna ya kudaka kisahani hewani. Kuna ya kunusa maboksi kumi ili kujua biskuti imefichwa wapi, kazi ambayo mbwa wa Kikula, mtaa niliokulia, waliifanya kila siku bila medali. Na kuna ile ambayo mtu anajifunga kamba kiunoni, mbwa anamvuta, wanakimbia wote wawili, na hakuna mwizi mbele yao wala nyuma yao.

"Kambo," Gracia ananiambia, maana kwetu bibi ni kambo, "mutu anapashwa mbele kuangalia roho ya imbwa, kiisha njo anachagula."

"Roho ya imbwa? Na yangu minye, nani alishaiangaliaka?"

Alicheka, akarudi kwenye daftari lake. Upande huu ameandika mazuri ya kila mchezo, upande huu mabaya. Masomo yake ya chuo sijawahi kuyaona yameandikwa kwa mistari iliyonyooka hivyo.

Lakini usiku sikucheka tena, kwa sababu nilikumbuka kwamba sisi pia tuliwahi kuchagua. Na sisi tulikuwa na siku sita tu.

Tulikuwa tukikaa Kikula, watoto wa kike watano katika nyumba moja: Masengo, Numbi, mimi Ngoie, Kabange, na Mujinga aliyekuwa bado mgongoni. Ng'ambo ya ua wa majani alikaa Mama Kalenga, mama wa vijana wanne, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kutwanga mahindi ya harusi nzima peke yake. Mujinga alipozaliwa, Mama Kalenga alikuja kumwona mtoto. Akafungua kitambaa, akakifunga tena, akasema, "Eh, Mama Masengo, ni paka ile ile tena?" Kwetu paka ni "tu"; alikuwa akisema, msichana tena tu. Akaenda zake. Tangu siku ile hawakusemezana. Hata chumvi ikituishia tulikwenda kuomba nyumba ya tatu.

Tata, yaani baba yetu, hakuwa mtu wa kugombana na mke wa mtu. Alikwenda kutafuta mbwa.

Alimleta ndani ya mfuko wa unga, mwekundu kama udongo wetu, sikio moja limesimama na lingine limelala, akamwita Mutachoka. Yaani ninyi mnaosema watu, semeni, mutachoka. Kisha akasimama karibu na ua akamwita mara sita kwa sauti ya kanisani, na mbwa alikuwa hapo hapo miguuni pake. Wiki iliyofuata Mama Kalenga naye akapata mbwa. Akamwita Tutaona.

Ndivyo watu walivyozungumza. Kwenye avenue yetu, yaani barabara yetu, palikuwa na Banasema, palikuwa na Wivu, palikuwa na Muniache wa Tata Kyungu, na mbwa jike wa mjane Mama Feza aliyeitwa Mulikuwa Wapi. Jioni watu wakiita mbwa wao waje kula, moshi wa makala, yaani mkaa, umejaa, harufu ya sombe, majani ya mihogo, inatoka kila lupango, kila kiwanja cha nyumba, wewe ukipita tu na ndoo yako ulijua habari zote za avenue bila kumuuliza mtu. Leo vijana wanamwita mbwa Rex. Rex anamwambia nani nini?

Shida ni kwamba Mutachoka wetu yeye mwenyewe hakuchoka. Alipofikisha miezi minane alikuwa ameshakula kapenta, dagaa wa Mama waliokuwa wakikauka juu ya bati, ameshavuta kitenge cha Mama Feza akiwa amekivaa, na ameshamfukuza mwalimu wetu wa shule, mwalimu na baiskeli yake, mpaka wakaingia pamoja kwenye shamba la mihogo la watu. Sisi darasani tulifurahi siku nzima. Tata hakufurahi. Jumatatu jioni, akinawa mikono kwa ajili ya bukari, ugali wetu, alitoa hukumu.

"Imbwa ya kula bure mu lupango yangu, hapana. Muitafutie kazi, muitafutie mchezo, minye sina neno. Siku ya Mungu kama iko paka vile, Kayembe anaibeba."

Kayembe alikuwa mtu wa makala. Alichoma makala porini upande wa Kakanda na kuyaleta mjini kwa baiskeli, na huko porini alifunga mbwa wa kulinda mafungu yake. Alifunga kwa waya. Mbwa wa mwisho aliyemchukua kutoka Kikula hakurudi, na kila mtoto alijua waya ulikuwa umemfanya nini shingoni. Numbi, aliyempenda Mutachoka kuliko sisi wote, aliacha bukari yake pale pale. Katika nyumba ya watoto watano hilo halikuwa jambo dogo.

Basi tukachagua michezo, Gracia asikie, na hatukuwa na daftari.

Tulianza na panya wa pori. Vijana walikwenda kuwachimba upande wa Kamatanda nyasi zikishachomwa, na mbwa mwenye akili alisimama kimya kwenye tundu moja huku watu wakichimba tundu lingine. Mutachoka alibweka kwenye matundu yote. Aliwaonya panya wote, wakubwa kwa wadogo. Mwepu, kijana wa pili wa Mama Kalenga, alirudi mikono mitupu, jembe begani, akasema, "Hii imbwa yenu ni ndugu ya bale bapanya."

Jumatano tukajaribu mpira. Mpira wetu ulikuwa wa matambara, umefungwa vizuri na kamba. Mutachoka aliudaka, akavuka nao reli, akalala chini akaufungua, tambara kwa tambara. Katikati tulikuta soksi ya Tata iliyokuwa ikitafutwa tangu Pasaka. Ule mchezo tuliuacha bila mtu kutuambia.

Alhamisi tukamfunga kwenye gari la mbao la kubebea maji. Sitasema mengi. Maji yalifika kwa watu wengine.

Ijumaa baada ya shule tulikuwa tumekata tamaa. Tukafungua kamba ya nguo ya Mama, tukaanza kuruka, kwa sababu mtoto wa wakati ule hata akiwa na huzuni aliruka. Masengo na mimi tulizungusha, Numbi akaingia katikati. Akamwita mbwa wake kwa sauti ya kulia: "Mutachoka!" Naye akaingia. Miguu minne ikaruka pamoja, kamba ikapita chini, akashuka, akamwangalia Numbi akingoja kuitwa tena.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Ukimwita aliruka, usipomwita alikaa kitako akajikuna. Kila mruko ulitaka jina. Na sisi Ijumaa ile mpaka giza, na Jumamosi tangu asubuhi, tulikuwa tukipiga kelele za "Mutachoka! Mutachoka! Mutachoka!" hatua kumi kutoka kwenye mlango wa Mama Kalenga.

Karibu na saa sita, Kayembe alifika, siku moja kabla ya Jumapili aliyoambiwa, waya wake umezungushwa kwenye usukani wa baiskeli. Alisema ana safari ya mapema. Tata alikuwa bado kazini. King'ora cha kampani kilikuwa hakijalia. Numbi alimkumbatia mbwa shingoni. Wakati ule ule ua wa majani ukafunguka, Mama Kalenga akatoka, mwiko wa bukari mkononi.

"Tangu jana munaniita. Niko hapa. Munataka nini?"

"Hatukuita weye, Mama Kalenga," Masengo akasema. "Tunaita imbwa."

"Na jina ya imbwa ni ya nani? Munazania minye niko mutoto?" Akamwona Kayembe, akauona waya, akayaona macho yetu. Kisha akaweka mwiko juu ya ua. "Leta ile kamba. Nazungusha minye. Kama imbwa inachoka, Kayembe anaibeba na jina yake, minye nalala muzuri. Kama ni minye nachoka, inabakia, sitasema tena neno. Leo tutaona!"

Mbwa wake Tutaona, kusikia jina lake, akaja mbio akitikisa mkia. Alimfukuza kwa mguu. Watu walikuwa wameshaanza kusimama kando ya njia, na kicheko cha kwanza kilitoka kwa Mama Feza.

"Na ule mwisho mwingine, nani anashika?" Mama Kalenga akauliza. Masengo akanyoosha mkono. "Weye hapana. Kesho watasema nilishinda mutoto. Mukubwa ashike."

Hakuna aliyesogea. Mama alikuwa mlangoni anachekecha unga, Mujinga mgongoni. Aliweka chekecheke chini. Akamfungua Mujinga, akanipa mimi, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaja akashika mwisho wa kamba yake mwenyewe. Hakumwangalia Mama Kalenga.

Mtu yeyote aliyewahi kuzungusha kamba anajua: huwezi kuizungusha na mtu uliyemnunia. Mara ya kwanza ilimpiga mbwa mgongoni. Mara ya pili ikamfunga Numbi. Mara ya tatu Mama akasema, akiangalia chini, "Unavuta sana."

"Weye njo unavuta," Mama Kalenga akajibu.

Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu Mujinga azaliwe. Kamba ikanyooka, ikaenda. Numbi akaita, mbwa akaruka, na Masengo akaanza kuhesabu kwa Kifaransa kwa sababu alikuwa shule ya masista na alitaka watu wajue. Alipofika septante, yaani sabini, alikuwa hajafundishwa zaidi, akarudi cinquante, hamsini, kwa sauti ile ile, akapanda tena. Alirudi mara nyingi. Mpaka leo hakuna anayejua Mutachoka aliruka mara ngapi.

King'ora kililia. Jasho liliwashuka wote wawili. Kilemba cha Mama Kalenga kilianguka, hakukiokota. "Mama Masengo, badilisha mukono," akasema, na Mama akabadilisha, wakabadilisha pamoja, kamba haikukatika. Ulimi wa Mutachoka ulikuwa nje, mrefu, lakini miguu ilipanda. Numbi sauti ilikuwa imekauka, akawa ananong'ona tu jina, na avenue nzima ikaanza kumwitia: "Mutachoka! Mutachoka!" Watu wanaume, watu wazima, hata Kayembe na waya wake.

Sijui nani alianza kucheka. Nafikiri ni Mama, maana mabega yake yalianza kutikisika na kamba ikaanza kwenda kama nyoka mlevi. Mama Kalenga akaachia. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, miguu mbele kama mtoto.

"Mama Masengo," akasema, "nimechoka."

"Hata minye," Mama akasema, naye akakaa.

Mutachoka aliruka mara mbili zaidi, bila kamba.

Tata alipofika kutoka kazini aliwakuta vile, mkewe na adui yake, wamekaa chini, wamejaa vumbi, wanapangusana jasho kwa kilemba kimoja. Akasimama na kibakuli chake cha chakula mkononi. "Nani alishinda?" akauliza.

"Imbwa," Mama akamjibu.

Kayembe aliomba maji, akanywa, akazungusha waya wake akaenda. Jioni ile Tata aliketi mlangoni akimwangalia mbwa. Jina la mbwa alikuwa amelitafuta kwa siku tatu, amelitafuta kwa uangalifu, na sasa lilikuwa limempiga mke wake mwenyewe na halikumuumiza mtu. Mama Kalenga alituma sahani ya kalanga za kukaanga kwa Mujinga ambaye hakuwa na jino hata moja. Chumvi tukaanza kuomba nyumba ya karibu.

Mutachoka aliishi miaka mingi. Jumamosi zote aliruka. Viatu vya watu hakuvigusa tena.

Basi Gracia amechagua. Ni ile ya vijiti na bomba. Fundi ametengeneza vijiti, vimepakwa rangi, na Rex amevaa kikoti chenye namba moja, ingawa sijaona namba mbili. Anaruka vizuri, sitadanganya. Gracia anampiga video na kuituma, na jioni anakuja kunionyesha mioyo midogo inayotumwa na watu: huyu yuko Kolwezi, huyu yuko Ubelgiji, huyu hamjui ila ametuma mioyo mitatu. Siku hizi mtu akitaka kumtupia jirani neno analiandika kwenye simu bila kutaja mtu, na watu arobaini wasiohusika wanalala na hasira.

Rex akiruka anabweka, na akibweka mtu wa nyuma ya ukuta wetu anagonga ukuta. Anagonga mara tatu, kila siku. Ukuta ni mrefu, una vipande vya chupa juu.

"Gracia," nilimuuliza juzi, "ule anagongaka, jina yake nani?"

Akainua macho kwenye simu. "Kambo, sijui."

Nilimkasirikia, nikafungua mdomo nimfundishe jina. Mimi ninayekumbuka mbwa wote wa Kikula na wenye mbwa wote. Nikakaa hivyo, mdomo wazi. Tumeishi hapa miaka saba, na mimi pia simjui.